Kinga ya Dainamo Yenye Uzi wa Dhahabu

Ajali ya moto ina faida zake, ilimradi iunguze mali ya mtu mwingine. Agapiti Mayala alilitafakari jambo hilo kwa heshima zote, mikono nyuma, akiwa katikati ya umati pale mwaloni Nyamabanda, mkoani Geita, ambako boti za ziwani hushusha abiria na samaki. Wote walikuwa wanaitazama boti ya Mzee Marselino iliyoburutwa hadi mchangani. Nusu ya mbele ilikuwa boti. Nusu ya nyuma ilikuwa mkaa.

Hakufa mtu. Abiria kumi na tisa na Mzee Marselino mwenyewe waliruka majini wakaokolewa na wavuvi, mmoja akavunjika mkono, na magunia sita ya mchele yakaenda kulisha sangara. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi na wananchi, kama ilivyo desturi, walikuwa wanafanya uchunguzi. Mmoja alisema ni wivu wa majirani. Wa pili alisema ni jini la ziwani lililochoshwa na kelele za injini. Wa tatu, ambaye shemeji yake ni polisi na kwa hiyo alijua sheria, alisema asingependa kuliongelea kwa sasa.

"Ni shoti," ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani ya mkaa.

Alikuwa Paskazia, fundi umeme pekee wa mwalo ule, dada wa miaka thelathini hivi, mwenye ovaroli lililokuwa la bluu zamani. Alikuwa na kibanda cha kuchajia betri kwa sola na hakuwa na mazoea ya kupamba maneno. Aliinuka na kipande cha waya mkononi.

"Huu ndio waya wa kutoka kwenye dainamo kwenda kwenye betri. Injini ikizunguka, dainamo inachaji betri. Betri nayo inawasha injini na taa. Mmenielewa? Sasa waya ulikuwa unasuguana na ubavu wa boti kila siku, ganda likaisha, shaba ikagusa chuma cha injini. Betri nzima ikajimwaga hapo hapo. Waya ukawa mwekundu kama nondo ya mhunzi, na chini yake kuna dizeli iliyovuja. Jini la nini?"

"Na kinga yake ni nini?" aliuliza Mzee Marselino, ambaye tangu asubuhi alikuwa amezeeka miaka saba.

"Fyuzi. Inafungwa hapa, kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Waya ukipiga shoti, fyuzi inakatika kabla waya haujapata moto. Elfu nane. Nilikwambia mwaka jana, Baba Ritha, nikarudia mwaka huu."

Umati ukarudi kwa jini. Kosa la Paskazia lilikuwa bei. Mtu aliyepoteza boti ya mamilioni hawezi kukubali mbele za watu kwamba ameipoteza kwa ajili ya elfu nane. Angesema kinga ni laki mbili, wangemwita injinia na kumletea kiti.

Ni mtu mmoja tu aliyemsikiliza mpaka mwisho, na huyo ni Agapiti.

Agapiti alizaliwa Ushirombo, karibu na misheni kiasi cha kuamshwa na kengele. Mama yake alitaka awe padre. Hakuwa padre, ila sauti ya kipadre aliipata, ile laini inayomfanya mtu aingize mkono mfukoni kabla ya kujua sadaka ni ya nini. Kwa sauti hiyo aliwauzia madereva wa malori pale Isaka sumaku za kupunguza ulaji wa dizeli, na wakulima wa Kishapu aliwauzia unga wa kuzuia pamba isisinyae kwa jua. Sehemu zote mbili aliondoka bila kuaga. Ni mtu mwenye haya.

Alipanda basi siku hiyo hiyo kwenda Katoro, ambako kila kitu kinapatikana na hakuna anayeuliza unakipeleka wapi. Akanunua makasha madogo meusi ya plastiki, yale ya kufungia nyaya ukutani. Ndani ya kila kasha akaweka mchanga wa kuleta uzito, taa ya kijani ndogo kuliko punje ya mahindi pamoja na kibetri chake, na uzi mmoja wa shaba ya njano uliosuguliwa ukang'aa. Vifuniko akavigandisha kwa gundi. Kisha akaenda kwa dada wa steshenari kuchapisha stika: KINGA YA DAINAMO, TEKNOLOJIA YA UJERUMANI. Aliomba na picha ya tai. Tai akatoka kama kuku aliyenyeshewa, lakini mteja wa Agapiti hakuwa mtu wa kuangalia ndege.

Wiki iliyofuata alirudi Nyamabanda amevaa koti la kijivu la fundi na kofia ngumu ya mgodini. Akaingia kwenye kibanda cha mama lishe ambapo wenye boti hunywa supu, akakaa, akaagiza chai, akanyamaza dakika tano nzima. Mgeni anayenyamaza huwasumbua watu kuliko anayepiga kelele.

"Wewe ni wa wapi, baba?" Mzee Marselino akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni Injinia Agapiti. Lakini msiwe na wasiwasi, sijaja kuuza kitu."

Hiyo ni sentensi ambayo imewagharimu Watanzania fedha nyingi kuliko kamari.

Akaeleza. Kampuni yake inakodisha kinga za moto za boti, elfu thelathini kwa mwezi. Waya wa dainamo ukipiga shoti, kinga inakata umeme ndani ya sekunde tatu. Kuuza hairuhusiwi.

"Kwa nini hairuhusiwi?" aliuliza mwenye boti mmoja.

Agapiti alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti mpaka ile ambayo watu wa meza ya nne wanaisikia vizuri.

"Wazee wangu, mnataka nifukuzwe kazi? Haya. Fyuzi za kawaida uzi wake ni bati. Huu wetu ni ule wenyewe. Njano. Gramu mbili na pointi kila kasha. Wazungu waliona ndiyo inayopitisha umeme bila kupata kutu kwenye maji. Ukimuuzia mtu wa huku, atafungua. Ndiyo maana tunakodisha tu."

Kibanda kizima kikasogeza viti karibu. Ilikuwa Geita. Mtoto wa chekechea wa Geita anajua gramu ya dhahabu imeamkaje leo, na waliokuwepo pale walikuwa wameshazika pesa kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo ambayo hayakuwahi kutema hata vumbi. Sasa dhahabu ilikuwa imewafuata mezani, ndani ya kasha, tena imeshachenjuliwa kutoka kwenye mawe. Hakuna aliyefikiria moto.

Siku ile Mzee Marselino alimfuata faragha. Alikuwa bado na boti ya pili. "Injinia, mimi nanunua kabisa. Laki mbili taslimu."

"Haiwezekani, mzee."

"Mimi ni mtu wa jumuiya ya kanisani. Sitafungua."

"Mzee, unanitafutia matatizo." Agapiti akaangalia chini kama mtu anayepigana na shetani. "Basi. Kwa sababu yaliyokupata yameniuma. Lakini uapie hutafungua, na usimwambie mtu."

Mzee akaapa. Baada yake wakaapa wengine tisa, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akiamini amempiga Injinia bao. Siku ya nne akaapa mtu wa kumi na moja, naye ni Mama Loveness. Agapiti alipokea noti tu. Malipo ya simu aliyakataa, maana simu inakumbuka majina ya watu.

Mtu anaweza kujiuliza: hivi hawakufungua? Walifungua! Mzee Marselino alifungua kasha lake chooni kwa kisu cha jikoni, akauchukua ule uzi wa njano mpaka kwa broka wa dhahabu. Broka aliutia tone moja la tindikali, uzi ukatoa povu la kijani, broka akacheka mpaka akaita wenzake. Mzee akarudi Nyamabanda. Alipoulizwa kinga inaendeleaje, alijibu, "Nzuri sana. Ina mwanga." Angeshtaki vipi? Angesema, "Jamani, nimeibiwa dhahabu niliyoapa kutoiiba"? Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wa Agapiti. Aliwafunga midomo wateja wake kwa tamaa yao wenyewe, na gundi hiyo haikumgharimu senti.

Lakini alisahau kwamba duniani kuna watu wasio na aibu.

Mama Loveness, jina lake Generosa, alikuwa mjane mnene, mwenye boti moja kubwa iitwayo TULIA UONE na duka la samaki wakavu. Katika umri wa miaka hamsini na mbili hakuwahi kuona haya kwa ajili ya pesa na hakukusudia kuanza. Yeye hakwenda chooni. Aliliweka kasha mezani kwa Paskazia mchana kweupe.

"Mwangaluka, mayu," Paskazia alimsalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka. Nifungulie hili. Nataka dhahabu yangu."

"Si uliapa?"

"Niliapa sitafungua. Unafungua wewe."

Paskazia alibandua kifuniko kwa bisibisi. Mchanga ukamwagika mezani, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka juu yake kwa uaminifu mkubwa. Akauinua uzi. "Shaba. Na hizi nyaya mbili alizokufungia kwenye betri, hii inaingia na hii inatoka, hazijagusana na kitu. Mayu, hapa umelindwa na mchanga."

Paskazia alitegemea kelele. Hazikuja. Mama Loveness aliuchota mchanga kwa vidole, akautazama, akauachia.

"Nani mwingine amefungua?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi wamefungua wote." Akavuta kiti. "Ukimpigia mwizi kelele anakimbia, na anakimbia na hela yako. Kaa chini, mwanangu. Nieleze vizuri: mtu akiona waya unaungua kwenye boti, na hana fyuzi, anafanya nini?"

"Akiwa hajui umeme? Ataichomoa betri."

"Na kuichomoa injini ikiwa inazunguka ni vibaya?"

"Ni vibaya sana kwa dainamo."

"Vibaya kiasi gani?" aliuliza Mama Loveness, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Agapiti alikuwa ameshafunga begi. Kanuni yake ilikuwa kuondoka siku moja kabla ya kuulizwa. Mama Loveness alimkuta akisubiri gari la kwenda Katoro.

"Injinia, unaondoka kabla ya kuonana na shemeji yangu? Yuko kisiwani Lubili. Ana boti kumi na nne."

"Kumi na nne?"

"Nimemwonyesha kasha langu kwa picha. Amesema yeye hataki kusikia habari ya kukodi. Nikamwambia Injinia ni mtu wa msimamo, hauzi. Akasema basi ataongeza mpaka msimamo ukae. Kesho saa tatu boti yangu inaenda. Lakini kama una haraka..."

Agapiti hakuwa tena na haraka. Kumi na nne ni namba inayoweza kumfanya hata mtu wa Ushirombo, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaingia yalikuwa ya kwenye pipa, apande boti. Kesho yake alikuwepo saa mbili na nusu na begi lake kifuani. Ndani ya begi kulikuwa na pesa zote, kwa sababu hakukusudia kurudi kupitia Nyamabanda.

Ndani ya TULIA UONE walikuwepo Nahodha Samwel kwenye usukani, Paskazia aliyesema anaenda kutengeneza sola kisiwani, Mama Loveness mwenyewe, na wenye boti wanne waliokuwa na shughuli Lubili, Mzee Marselino akiwa mmojawao.

"Injinia, kaa hapa," Mama Loveness alimwonyesha ubao karibu na chumba cha injini, mahali betri ilipofungwa. "Karibu na kinga yako. Usikae mbali na mwanao."

Kweli, kasha lilikuwa pale pale, limegandishwa upya, taa ya kijani inawaka. Agapiti akalipigapiga mgongoni kama mtu anayempongeza ng'ombe. Injini ikanguruma, wakaondoka.

Walikwenda dakika arobaini. Nchi kavu ilikuwa imebaki mstari mwembamba kama wa penseli. Paskazia alikuwa ameinama chumba cha injini, "anaangalia mafuta". Hapo harufu ikaanza. Anayeijua harufu ya ganda la waya linaloungua haisahau. Inakamata koo kabla ya pua. Kisha ukafuata moshi, mweusi, ukipanda polepole kati ya mbao, karibu na miguu ya Agapiti.

"Moshi!" alipiga kelele mmoja wa wale wanne, na kelele yake ilikuwa ya kweli, maana wao hawakuambiwa kitu. Mzee Marselino alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaogelea mara moja mwezi ule.

"Tulieni jamani!" Mama Loveness alisimama, kanga kiunoni, imara kama mnara wa simu. "Mnahangaika nini? Hii ni boti yenye kinga! Injinia, si ulisema sekunde tatu?"

Agapiti alifungua mdomo. Sauti ya kipadre ilikuwa imebaki nchi kavu.

"Tuhesabu!" alisema Mama Loveness. "Moja!"

"Moja," waliitikia wale wanne bila nguvu.

"Mbili! Tatu!"

Moshi ukaongezeka. Taa ya kijani iliendelea kuwaka, haina habari.

"Labda haikusikia. Tuhesabu tena. Moja!"

Lazima tumtendee haki Agapiti. Katika watu wote waliokuwa ndani ya boti ile, ni yeye peke yake aliyejua kwa uhakika, bila shaka yoyote, kilichokuwemo ndani ya kasha. Alijua idadi ya vijiko vya mchanga. Alilitazama kasha, akautazama moshi, akatazama maji yaliyokuwa kila upande, na palepale ndani yake kitu kilichokuwa kimesimama miaka mingi kikaanguka. Hakuwaza hela. Hakuwaza jina lake. Alimwona mama yake.

"Mtakufa!" alilia. "Tutakufa! Hakikati kitu hicho!"

Akalirukia sanduku la betri, akalipita kasha lake kama mtu anayempita mdai sokoni, akaukamata waya mnene wa betri kwa mikono miwili na kuuvuta. Nati ilikuwa imelegezwa, lakini hayo hakuyajua. Waya ulichomoka na cheche moja ya bluu, yeye akaanguka chali juu ya magunia, ameukumbatia waya ule kama mtoto.

Moshi ukapungua. Ukakata. Injini ya dizeli, ambayo ikishawaka haihitaji betri, iliendelea kunguruma kama vile hakuna lililotokea.

"Umezimika," Paskazia alisema akichomoza kichwa. Kisha akauona waya mikononi mwa Agapiti, uso ukabadilika. "Wewe! Umechomoa betri dainamo ikiwa inazunguka?"

"Nimeokoa watu, dada!"

"Dainamo inazalisha umeme, betri inaumeza. Ukiichomoa ghafla, umeme unakosa pa kwenda, unarudi ndani ya dainamo unapasua diodi zake, vile vipande vinavyouelekeza umeme upande mmoja. Fundi wa miezi miwili anajua. Wewe ni injinia wa Ujerumani!" Akachukua kipimo chake, akagusisha ncha zake kwenye dainamo, akawaonyesha wote kioo. Sifuri. "Imekufa."

"Subiri kwanza," alisema Mama Loveness taratibu. "Kwa nini umelipita kasha?"

Agapiti akaukumbatia waya zaidi.

"Umesema hakikati kitu. Ulijuaje hakikati?"

"Nilijua mimi!" Mzee Marselino alilipuka. "Nilijua tangu zamani! Ni mchanga mtupu!"

Wote wakamgeukia.

"Ulijuaje ni mchanga, Baba Ritha?" aliuliza Mama Loveness.

Mzee akaangalia upeo wa macho. "Uzito wake," alisema. "Ulikuwa wa kichangachanga."

Wale watatu wengine walianza kuchunguza kucha zao.

"Haya, Injinia," Mama Loveness akakaa mbele ya Agapiti, magoti kwa magoti. "Lubili kuna kituo cha polisi. Ni kidogo, lakini kina mlango. Tunaweza kwenda huko ukaeleza habari ya Wajerumani. Au tunaweza kuyamaliza hapa kama ndugu. Umeniulia dainamo."

"Mama yangu, nisamehe. Dainamo ni bei gani?"

"Una kiasi gani?"

Agapiti akalifungua begi. Akahesabu mara mbili. "Milioni moja na laki tisa na ushee."

"Ajabu," alisema Mama Loveness. "Ndiyo bei yake."

Akamwachia elfu ishirini ya nauli na soda, kwa sababu yeye si mnyama. Boti ikageuza. Shemeji wa boti kumi na nne hakutembelewa siku ile, wala siku nyingine yoyote, kwa kuwa hakuwahi kuzaliwa. Walipofika nchi kavu Agapiti alimshika Mama Loveness mikono yote miwili akamwambia wabeja, ahsante sana, Mungu akuzidishie, kwa kutomwita polisi. Alipanda gari la Katoro, kisha la Ushirombo, na inasemekana alikaa kwa mama yake karibu mwezi mzima akimchotea maji. Baadaye alianza tena mishemishe zake. Lakini akilewa, kisa anachosimulia ni kimoja: siku alipoizima boti iliyokuwa inaungua kwa mikono yake mitupu. Katika mambo yote aliyowahi kuwaambia watu, hilo analiamini mwenyewe.

Pale mwaloni habari zilifika kabla ya kamba kufungwa. Wenye boti wote walikusanyika, wakidai pesa zao.

"Pesa gani?" Mama Loveness aliuliza kwa mshangao safi. "Hii ni fidia ya dainamo yangu. Lakini mimi si mtu mbaya. Aliyedhulumiwa, aliyenunua kasha kwa nia njema ya kulinda abiria wake, alilete. Likiwa bado limefungwa kwa gundi yake ya kwanza, namrudishia laki mbili sasa hivi."

Wanaume kumi walisimama juani. Kila mmoja alisubiri mwenzake aende kuleta. Upepo ulivuma, mbwa alipita, mmoja akakumbuka amechemsha maji nyumbani.

"Basi," alisema Mama Loveness kwa huruma. "Kwa moyo wangu tu, nitamlipa Paskazia awafungie fyuzi za kweli boti zote. Bure."

Walimpigia makofi. Jumapili yake walimchagua mwenyekiti wa umoja wa wenye boti.

Jioni kabla jua halijazama alipita kibandani kwa Paskazia, ambaye alikuwa anasugua masizi kwenye kopo la maziwa. Ndani ya kopo lile ndimo alimochomea vipande vya ganda la waya, kisha akaufunika moto kwa kifuniko mara Agapiti alipochomoa betri.

"Mayu," alisema Paskazia bila kuinua kichwa, "sasa utanunua dainamo lini? Maana nimechoka kukuchajia betri hapa. Dainamo yako imekufa tangu Februari."

"Nimeona moja Katoro, imetumika kidogo. Laki mbili na nusu."

"Na mimi?"

"Wewe ulitoa nini? Kopo na nyaya mbovu."

"Na kipimo. Kilisema sifuri, na hakuna aliyekiuliza tangu lini. Nikikipeleka kwenye mkutano wa umoja wako kinaweza kuongea tena."

Mama Loveness alimtazama kama mwalimu anayemwona mwanafunzi amefaulu. "Laki tatu."

"Nne. Na TULIA UONE haitoki kesho mpaka niifungie fyuzi, kiganja kimoja kutoka kwenye betri, na nyaya zote nizivalishe mpira pale zinapopita kwenye mbao."

"Na yangu pia? Si tapeli tumeshamwondoa?"

"Tapeli tumemwondoa, mayu. Nyaya bado zipo."

Wakabishana mpaka Paskazia akaanza kufunga mlango, ndipo Mama Loveness akakubali, akinung'unika kwamba mafundi wa siku hizi ni majambazi.

Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, TULIA UONE ilikuwa katikati ya maji na abiria ishirini na watatu, mmoja wao mama aliyekuwa anampeleka mjukuu wake kubatizwa. Kule nyuma, mahali ambapo mpira ulikuwa mfupi kwa inchi moja, waya mnene uliochubuka ganda uliteleza na kugusa chuma. Kukasikika mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti. Fyuzi ilikatika. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu, na injini haikukohoa. Kilichozimika ni redio tu, katikati ya wimbo.

"Nahodha! Redio vipi?" alipiga kelele abiria mmoja.

Samwel alibonyezabonyeza, ikakataa. Safari yote iliyobaki abiria walilalamika kwamba wanalipishwa nauli kamili kwa huduma ya nusu, na wawili walisema safari ijayo watapanda boti nyingine. Walipofika walishuka wote ishirini na watatu, wazima, viatu vikavu, wamenuna.